Bibi Anasikia kwa Mgongo

Nilikuwa nyumbani kwa majuma mawili katikati ya muhula, kwa sababu ambazo mwalimu wa nidhamu alizieleza kwenye barua ya kurasa tatu. Mimi ningezieleza kwa mstari mmoja: asubuhi moja bwalo la chakula lilikutwa katikati ya uwanja wa mpira, benchi zote zimepangwa, sahani zote mahali pake, na chumvi juu ya kila meza. Barua haikutaja chumvi. Niliona hiyo ni dharau kwa kazi ya mikono.

Baba na mama waliisoma, wakaikunja, wakanipeleka kwa Bibi. Katika ukoo wetu hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa Bibi ndiye mtu pekee ambaye utundu wangu haujawahi kumshtua. Alinipokea mlangoni, akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Karibu, mke mwenzangu," akasema. "Mfungwa hapa anakula vizuri, ila anabeba mizigo."

Huniita mke mwenzake tangu nikiwa mchanga, kwa haki ile ile ya bibi yeyote mwenye mjukuu wa kike. Babu, ambaye ndiye mume tunayemgombea, alikuwa sebuleni na gazeti lake. Aliinua mkono bila kuinua macho. Alikuwa karani wa posta miaka yake yote ya kazi na bado husoma gazeti kama anayetafuta anwani iliyokosewa.

Mzigo wenyewe ulikuwa Jiwe.

Jiwe ni gitaa la umeme la Bibi. Ni ubao mmoja mzima, mzito, mwekundu ulioiva, uliochubuka pale kiwiko chake kinapolala. Bibi amelipiga miaka thelathini na moja katika bendi ile ile, bendi ya harusi na ya dansi za Jumamosi, na kwa miaka hiyo yote limening'inia kwenye bega lake la kushoto. Sasa bega lilikuwa limechoka. Daktari wa mifupa alimpiga picha, akaitazama kwenye mwanga, akamwambia asitundike hapo kitu chochote kinachozidi kilo tatu. Bibi akamuuliza kama na mume amehesabiwa. Daktari akasema mume asitundikwe kabisa.

Mngeweza kusema: basi apige akiwa amekaa. Nami nilisema hivyo hivyo, nikiwa mgeni wa mambo. Lakini katika bendi ile hakuna anayekaa isipokuwa mpiga ngoma. Ni sheria. Ilitungwa mwaka wa tatu wa bendi ili kumwondoa mpiga besi mmoja aliyekuwa akisinzia kwenye kiti katikati ya wimbo na kuamka katikati ya mwingine. Asiyeweza kusimama anaagwa kwa heshima, anapewa saa ya ukutani, anakwenda nyumbani. Wanne wameshaagwa hivyo. Na aliyeitunga sheria hiyo, akaisimamia mpaka leo bila huruma, ni Bibi mwenyewe.

"Si uibadilishe tu?" nilimuuliza.

"Nikawaambie nini wale wanne?"

Kiongozi wa bendi, ambaye anapuliza saksafoni na ni mtu mpole, alikuwa amempigia simu. Alhamisi kuna mazoezi ya muda wa saa mbili. Mama, kama bendi inavyomwita Bibi, akiyamaliza amesimama, Jumamosi wako pamoja kama kawaida. Asipoyamaliza, wataongea. Bibi alijua kuongea huko kuna mishale miwili na betri moja.

Kwa hiyo Jumanne asubuhi tulikwenda kwa Fundi Gundi, mimi nikiwa na Jiwe mgongoni kama punda aliyesoma.

Karakana ya Fundi Gundi ni chumba kimoja kirefu chenye dirisha upande mzima. Vumbi la mbao lilikuwa limetua kila mahali, mpaka kwenye nyusi zake. Gundi ilikuwa inachemka taratibu kwenye kopo juu ya jiko dogo. Shingo za magitaa zilining'inia ukutani bila miili, kama bata waliochinjwa kwa ustaarabu.

"Shikamoo, Mama," akasema, akifuta mikono kwenye aproni.

"Marahaba, Fundi. Huyu ni mke mwenzangu. Usimwache karibu na hiyo gundi."

"Shikamoo, Fundi," nikasema kwa sauti yangu ya kanisani. Alinitazama vidole kwanza, ndipo akaitikia.

Alikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo. Alilitundika Jiwe kwa mkanda wake, mshale ukashuka, ukasimama kwenye kilo nne na robo. Akapiga mluzi.

"Mama, hili umelibeba miaka mingapi?"

"Usiniulize umri, Fundi. Nionyeshe magitaa."

Akashusha matatu kutoka ukutani, akayalaza juu ya meza kwenye blanketi. Wao wawili walishaelewana kwa simu kuhusu mambo ya bei. Kilichobaki kilikuwa kuchagua, na kuchagua ndiko kulikomfanya Bibi avae miwani.

"Yote matatu yana uwazi ndani," Fundi akasema. "Ndiyo maana ni mepesi. Tofauti ni uwazi huo ni mkubwa kiasi gani, na uko wapi."

La kwanza lilikuwa la ubao mmoja kama Jiwe, ila alikuwa amelichimba vyumba viwili ndani, kimoja kila upande, akavifunika na kutoboa tundu moja jembamba juu ya kimoja. Kwa macho lilikuwa Jiwe lililofunga mwezi mzima. Kilo mbili na gramu mia tisa. Nikalibatiza Jembamba.

La pili lilikuwa pana zaidi, lenye matundu mawili yaliyojikunja kama mikia ya ng'e, na mbavu zake zilikuwa tupu. Lakini katikati, kutoka shingoni mpaka mkiani, kulikuwa na kipande kizima cha mbao kilichopita kama uti wa mgongo. "Hicho kinalituliza," Fundi akasema, akigonga katikati kwa kifundo cha kidole: to. Kisha akagonga pembeni: bum. "Hata ukisimama karibu na spika, halitapiga kelele." Kilo tatu na robo. Hilo likawa Gogo.

La tatu lilikuwa nene kama sanduku la safari, la rangi ya asali, juu limebinuka, nyuma limebinuka. Ndani hapakuwa na kitu chochote. Ukichungulia kwenye tundu unaona sakafu ya mbao na giza la nyumba iliyohamwa. Kilo mbili na nusu tu.

Bibi alilizunguka. "Hili ni gitaa au lina mimba?"

"Hilo ndilo jepesi kuliko yote, Mama."

"Naona. Miezi minane hii." Basi likawa Tumbo.

Fundi akaeleza ubaya wake, kwa kuwa ni muungwana. Gitaa lenye tumbo tupu likisimama karibu na spika, sauti ya spika inaliingia tumboni, mbao zinatetemeka, nyuzi zinatetemeka nazo, sumaku zilizo chini ya nyuzi zinaipeleka sauti hiyo tena kwenye spika, spika inairudisha tumboni, na mzunguko unakua mpaka gitaa linapiga yowe lenyewe, hakuna aliyeligusa. Dawa yake ni kusimama mbali na spika.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Bibi hasimami mbali na spika. Sikio lake la kushoto lilikufa zamani, upande wa mpiga ngoma, kama askari aliyekufa kwenye kituo chake. La kulia linafanya kazi za wawili na linalalamika. Kwa hiyo jukwaani yeye hurudi nyuma mpaka spika yake inakaribia kumgusa kiunoni, na huipokea sauti ya gitaa lake kupitia mifupa. "Mimi nasikia kwa mgongo," husema, kama mtu anayetaja namba ya simu. Bila spika nyuma yake, hajui mkono wake unasema nini.

"Basi ni kati ya mawili," akasema. "Jembamba au Gogo. Hili lenye mimba hapana, ingawa nalitakia heri."

"Yajaribu yote, Mama," Fundi akasema. "Tumbo halitaki spika kubwa, lakini hii yangu ni ndogo, naishusha. Mbao ukizishika ndipo unazijua."

Akamsogezea spika ya karakana nyuma ya kiuno, akarudi kwenye benchi lake kusugua shingo ya gitaa la mtu mwingine kwa msasa.

Naomba ieleweke kwamba sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa karibu na waya tu.

Tangu nina miaka sita mimi na Bibi tuna mchezo mmoja, yaani mimi naucheza na yeye anauvumilia. Akiwa anapiga, nanyatia spika, nashusha kitufe cha sauti haraka lakini kwa ulaini, kisha nachomoa waya. Ukichomoa bila kushusha, spika inakoroma na unakamatwa. Huu ni ufundi, haukuja siku moja. Halafu nahesabu kimoyomoyo ni muda gani utapita kabla hajagundua. Kwa Jiwe sijawahi kufika mbili.

Alianza na Jembamba. Wimbo wa taratibu, mkono wa kulia ukitembea kama mtu anayepiga pasi. Nikashusha, nikachomoa. Moja, mbili, tatu, nne.

"Rudisha," Bibi akasema bila kugeuka.

Nikarudisha. Fundi hakuinua kichwa.

Akavaa Gogo. Bega likashuka kidogo, nililiona, naye akaliinua kwa makusudi. Alipofika katikati ya ubeti nikachomoa. Nilifika kumi na moja.

"Wewe mtoto, nitakuuza, na mnunuzi atakurudisha."

Kisha akavaa Tumbo. Lilimfunika kuanzia kifuani mpaka nyongani, akalikumbatia kwa kuwa hakukuwa na namna nyingine ya kulishika. Akaanza wimbo ule ule. Nikasubiri ubeti upite, nikashusha, nikachomoa.

Kumi. Ishirini. Kiitikio kikaja, kikapita. Arobaini. Alikuwa amefumba macho na anatabasamu. Nilisikia sauti ndogo ya mbao, ya kusikiwa na mtu aliye karibu na mwenye masikio mawili mazima, na chini yake mkwaruzo wa msasa. Halafu msasa ukanyamaza. Fundi alikuwa ananitazama mimi, kisha waya mkononi mwangu, kisha Bibi.

Nikaacha kuhesabu. Mchezo ulikuwa umeniishia mkononi. Nilifikiri jambo moja tu: na sikio la kulia limekwenda. Limekwenda, yeye hajui, na bendi haijui. Nikauchomeka waya taratibu, nikapandisha sauti kidogo kidogo kama anayefunika mtu shuka, hata alipopiga nyuzi za mwisho spika ilikuwa inafanya kazi yake.

Bibi akafumbua macho. "Hili," akasema.

"Mama, umesema lile hapana," Fundi akasema.

"Najua nilichosema. Hili limenikaa. Sijui kwa nini." Akanigeukia. "Na wewe, mbona safari hii hukuchomoa?"

"Nimekua, Bibi."

"Tangu saa ngapi?"

Fundi akakubali alichukue mpaka Alhamisi. Likipiga yowe, Bibi alirudishe, yeye ampe Gogo, kisha watazame la kufanya na ile robo kilo iliyozidi. Nilipokuwa nalibeba sanduku nje, akanishika bega kwenye kizingiti.

"Ulichokiona utakisema lini?"

"Sijaona kitu, Fundi."

"Haya. Mimi kazi yangu ni mbao. Maneno ni ya wenye bibi yao."

Jumatano niliitumia kufanya utafiti. Nilisimama nyuma ya Bibi upande wa kulia, nikasema kwa sauti ya chini, "Bibi, nimevunja kikombe cha Babu." Hakujibu. Nikasogea hatua moja. "Bibi, nimefukuzwa shule moja kwa moja." Hakujibu. Nikasema, "Bibi, chai imeiva," akageuka. Lakini Bibi huyapuuza maneno yangu mengi kwa hiari yake, kwa hiyo utafiti ule haukuwa na thamani yoyote mbele ya wasomi.

Alasiri alikaa kwenye kibaraza cha nyuma na Tumbo mapajani, bila spika, bila waya. Babu alikuwa kando na gazeti.

"Saa ya ukutani si mbaya," Babu akasema ghafla. "Hii yetu inachelewa."

"Nyamaza, mwanaume."

"Nasema tu. Kila jambo lina faida yake."

Bibi akanipungia kidole. "Njoo hapa, mke mwenzangu. Weka mkono." Akanionyesha mgongo wa gitaa, pale linapomgusa mbavuni. Nikaupitisha mkono wangu katikati yake na mbao. Akavuta uzi mmoja mnene. Mbao ikatetemeka kiganjani mwangu kama paka anayekoroma, na ikaendelea muda mrefu baada ya kidole kuondoka.

"Jiwe halikuwahi kuniambia kitu," akasema. "Kila kitu lilikuwa linamwambia spika, na spika ndiye ananiambia mimi. Miaka thelathini na moja napata habari za nyumbani kwangu kwa jirani."

Nikacheka, nikaona ni maneno mazuri, nikaenda kuosha vyombo. Mtu anaweza kuwa wa tatu darasani na bado akawa na kichwa kama Gogo katikati.

Alhamisi saa tisa tulikuwa ukumbini. Ni ukumbi wa kawaida, viti vimebebanishwa ukutani, mwanga unaingia kwa madirisha ya juu, na jukwaa la mbao la urefu wa goti. Bendi husimama kwa mpango usiobadilika: Kiongozi na saksafoni yake mbele kabisa, magitaa mstari wa pili, spika nyuma yao, ngoma pembeni kushoto. Mahali pa Bibi hapahitaji alama. Visigino vyake vimelima mabonde mawili kwenye mbao, shubiri moja tu mbele ya spika yake.

Alipanda, akaingiza visigino kwenye mabonde, akavaa Tumbo. Mpiga besi, kijana mrefu mwenye mzaha, akalitazama.

"Mama, hongera. Unatarajia lini?"

"Likizaliwa lina sura yako nalirudisha."

Wakacheka wote, Kiongozi akahesabu, wakaingia. Noti nne za kwanza zilikuwa tamu. Ya tano haikumalizika. Kukatokea mngurumo kutoka chini ya jukwaa, ukapanda, ukawa yowe, kama chuma kinachokatwa ndani ya kichwa cha mtu. Mpiga besi akaruka kuzima spika. Wakajaribu tena sauti ikiwa chini: halikupiga yowe, ila Bibi hakusikika kabisa. Wakapandisha nusu. Yowe. Akageuka ubavu. Yowe la ubavuni.

Kiongozi akashusha saksafoni. "Mama, sogea mbele kidogo. Achana na hiyo spika."

"Nikiiacha sisikii. Unajua."

"Basi tungechukua lile lenye gogo katikati. Fundi alinieleza."

"Kilo tatu na robo. Jumanne nilisimama nalo wimbo mmoja tu, bega likalia."

Mpiga ngoma, ambaye kwa kawaida haongei, akasema kutoka kwenye kiti chake, "Mama akae tu. Mbona mimi nakaa?"

Kila mtu alikuwa anaangalia kitu kisichohitaji kuangaliwa. Nadhani wangekubali. Nadhani Kiongozi alikuwa ameshafungua mdomo kukubali.

"Sheria nimeitunga mimi," Bibi akasema. "Nimewatoa nayo watu wanne, mmoja wao alilia. Sitaikalia mwenyewe." Akaanza kuuvua mkanda begani, taratibu, kwa sababu bega lilikuwa linauma. "Leteni hiyo saa. Babu yake huyu anaisubiri."

Nilikuwa nimekaa pembeni ya jukwaa juu ya sanduku la gitaa. Nilikuwa na jambo moja kifuani tangu Jumanne, na nikilisema, nilijua namkabidhi saa kwa mikono yangu: jamani, bibi yangu hasikii hata spika ikizimwa. Kwa hiyo nilinyamaza. Nikamtazama tu akivua mkanda. Ndipo nikaona mkono wake wa kushoto. Mkanda ulikuwa umeshatoka, gitaa limelegea, lakini kiganja kilikuwa bado kimelala mgongoni mwa mbao, pale pale aliponiwekea changu jana yake. Alikuwa amelishika kama unavyomshika mtoto kumsikia kama anapumua.

Nikasimama. Sanduku likaanguka kwa kelele, na hilo halikupangwa.

"Bibi. Jumanne nilichomoa waya."

"Najua. Nilikukamata mara mbili."

"Mara ya tatu pia."

"Mara ya tatu hukuchomoa. Ulikua."

"Nilichomoa. Ubeti wa pili. Ukapiga mpaka mwisho."

Akanitazama juu ya miwani. Mpiga besi akaziba mdomo.

"Mpaka mwisho wapi?"

"Wimbo wote. Na kiitikio chote. Nikarudisha pale mwisho kabisa. Fundi aliniona, muulizeni."

"Na mimi nilikuwa nafanya nini?"

"Unatabasamu."

Kiongozi akasogea. Nikaona usoni mwake lile lile nililofikiri mimi Jumanne, na nikaongea haraka kabla halijageuka maneno. "Nilidhani ni sikio. Nikaogopa, ndiyo maana sikusema. Lakini si sikio. Jembamba ulinigundua kwenye nne, Gogo kwenye kumi na moja. Sikio ni lile lile. Hili hukuligundua kwa sababu hukuwa unaisikiliza spika. Lilikuwa linakwambia lenyewe, hapa." Nikajipiga mbavuni. "Huihitaji spika mgongoni, Bibi. Iache hapo, uende zako."

Bibi akaurudisha mkanda begani. Akafumba macho, akavuta uzi mnene mmoja, gitaa likiwa limezimwa, akasubiri mpaka mtetemo ulipokwisha. Akavuta mwingine. Kisha akafumbua macho, akavitoa visigino kwenye mabonde yake, kimoja kimoja, kama anayevua viatu.

Alitembea mbele, waya ukimfuata kwenye mbao. Hatua tano. Akasimama pale pale ilipo maikrofoni ya Kiongozi.

"Songa."

"Mama, hapa ni pangu."

"Nilikupokea unapuliza hilo dude kwa mashavu. Songa."

Kiongozi akasonga. Alisonga kidogo, Bibi akamwangalia, akasonga vizuri.

"Sheria ni kusimama," Bibi akawaambia wote. "Haijasema wapi." Kisha akageuka kuitafuta sura yangu. "Na wewe njoo. Kaa hapo nyuma kwenye spika. Shika huo waya kwa mikono miwili, ulipochomekwa. Ukiuchomoa—"

"Hutajua, Bibi."

"Sitajua. Ndiyo maana nakushikisha wewe."

Nikakaa sakafuni, nikaushika. Mpiga besi akapandisha sauti ya spika, robo, nusu, mpaka pale inapokaa siku zote. Tulisubiri yowe. Halikuja. Kiongozi akahesabu.

Sitasema ulikuwa muujiza, kwa kuwa wimbo wa kwanza ulimchenga. Ngoma sasa ilikuwa nyuma yake, upande wa sikio lililokufa, na mara mbili aliingia mapema kama mgeni asiyejua saa ya harusi. Akasimamisha, akageuka nusu ili amwone mpiga ngoma kwa pembe ya jicho, akasema, "Tena." Mara ya pili mkono wake wa kulia ukaanza ile safari ya kupiga pasi, na bendi nzima ikakaa juu yake kama nguo iliyonyooshwa. Sauti ilikuwa nyingine, nene kidogo, yenye hewa ndani. Kiongozi alipuliza kwa tahadhari, akimwangalia kwa pembeni, kama mtu aliyepata jirani mpya na bado hajajua kama ataazima vitu.

Saa ya kwanza ikapita. Bega lilikuwa mahali pake. Saa ya pili alianza kutikisa kiuno kidogo, jambo ambalo spika haikuwahi kumruhusu kule nyuma.

Mimi nilikuwa nimekaa na waya mikononi. Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba katika maisha yangu ya bweni nimepewa funguo za maktaba, kengele ya shule na, kwa makosa ya kiofisi, gari la bustani, na hakuna hata kimoja kilichorudi kama kilivyotoka. Waya ule ulikuwa laini, umelegea kidogo kwenye tundu lake. Ungetoka kwa vidole viwili, bila kelele. Na mbele yangu, hatua tano, palikuwa na mtu mmoja katika ukumbi mzima ambaye asingejua kamwe.

Niliushika mpaka vidole vikafa ganzi. Katikati ya wimbo wa mwisho Bibi aligeuza kichwa, akanitazama mimi na si waya, akaendelea kupiga.